Wiki Nne za Kwanza

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji iliyolika katikati kwa nyayo za wanafunzi. Hata aliyefumba macho angeitambua kwa harufu: spiriti, vumbi la mizizi iliyosagwa, na uvundo mwepesi wa chumba cha panya ulioishinda kila sabuni. Madirisha yake yalitazama ua wa nyuma, ambako viti vilivyovunjika na mabati chakavu vilirundikana mwaka hadi mwaka bila mtu wa kuviondoa. Humo ndimo Profesa alimozeekea. Aliingia akiwa mwanamke kijana mwembamba mwenye nywele nyeusi tititi. Baada ya miaka ishirini na mmoja, mvi zilikuwa zimemtanda kichwani kama majivu juu ya kaa.

Kwao hakuitwa Profesa. Aliitwa Kwanini, jina alilopewa na dada yake kwa kuwa tangu utotoni kinywa chake hakikuwa na neno jingine. Kwa nini maziwa huganda? Kwa nini kidonda huwasha kinapopona? Alipotimiza miaka kumi na minne, aliuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyeweza kulijibu: kwa nini dawa iliyomaliza nywele zote za mama yao haikuweza kuumaliza uvimbe wa titi lake. Mama alikatwa, akachomwa kwa mionzi, akatapishwa na dawa hadi akabaki mifupa na macho, kisha akafa.

Dada Mkubwa wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa amechumbiwa. Uchumba aliuweka kando, akanunua cherehani iliyotumika, akafunga kibwebwe. Kwa sindano na uzi alimlea mdogo wake, akamsomesha na kumfikisha chuo kikuu. Aliolewa baadaye sana, akapata binti mmoja, akafiwa na mume. Kwanini hakuolewa kabisa. Alikuwa amekula kiapo mbele ya kaburi la mama yake kwamba ataitafuta dawa ya ugonjwa ule, na kiapo kile nacho kikamla.

Alianza kwa kupima mimea. Majani, magome, mbegu, mizizi, vyote vilipita mikononi mwake. Vilikaushwa, vikasagwa, vikalowekwa kwenye spiriti, vikavukizwa, na kile kilichobaki kikatonwa juu ya seli za saratani ndani ya visahani vya kioo. Mimea mia tatu na zaidi haikufanya lolote. Wenzake kitivoni walimbandika jina la Mpishi wa Mizizi, na alipopita walimwuliza chakula kitaiva lini. Alicheka nao, akarudi kwenye visahani vyake.

Mwenzake wa kweli alikuwa fundi wa maabara, mzee mmoja mpole aliyeitwa Mizani kwa sababu hakuwahi kupima kitu mara moja. Hata chumvi ya kutia kwenye yai lake la mchana, watu walitania, huipima mara mbili. Mizani ndiye aliyeona wa kwanza, asubuhi moja ya mvua, kwamba seli zilizotonwa kiini cha mzizi fulani zilikuwa zimenyauka zote kama mboga iliyosahaulika juani. Mzizi wenyewe haukuwa wa ajabu. Ulitoka kwenye kichaka cha kawaida kinachoota kando ya reli na nyuma ya maghala, kichaka ambacho hata mbuzi walikipita. Kati ya viini vyote vilivyotenganishwa kutoka kwenye mzizi huo, kilichoua seli kilikuwa cha kumi na saba, nacho kikabaki na jina hilo: Kumi na Saba.

Ilipita miaka sita ya kurudia jaribio lile lile kabla hawajathubutu kukijaribu kiini hicho ndani ya mwili wenye damu. Walichukua panya weupe ishirini waliopandikizwa uvimbe. Kumi walipewa Kumi na Saba kila siku, kumi wakapewa maji. Jaribio lilipangwa kuwa la wiki nane. Wiki ya nne ilipokwisha, uvimbe wa wale waliopewa kiini ulikuwa umepungua nusu. Profesa alipiga picha, akapiga hesabu, akaketi juu ya kigoda akalia machozi ya furaha. Siku ile ile alimweleza mkuu wa kitivo, na mkuu wa kitivo hakuwa mtu wa kukalia habari njema. Kesho yake chuo kizima kilijua.

Wiki ya sita panya wakaanza kususa chakula. Manyoya yao yalisimama, ngozi ya masikio na mikia ikageuka manjano. Ilipotimia wiki ya nane, Mizani alimwita Profesa kwenye meza ya kupasulia. Alikuwa amepanga maini kwenye sinia la chuma, safu mbili, yenye lebo. Safu moja ilikuwa nyekundu na laini. Katika nyingine, mengi yalikuwa ya rangi ya udongo mkavu, yenye mabaka na vijinundu.

“Saba kati ya kumi,” alisema Mizani.

“Huenda chakula kilikuwa kibovu,” Profesa alisema.

“Wale kumi wengine wamekula chakula hicho hicho. Maini yao ndiyo haya, hayana kitu.”

Profesa aliyatazama maini yale muda mrefu. Jopo la wataalamu lilikuwa lije baada ya wiki tatu kuamua kama Kumi na Saba kisonge mbele au kifungiwe kabatini. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu. Akirudi nyuma sasa, kuanza kukibadilisha kiini na kukijaribu upya, miaka minne ingeyeyuka kama mshumaa na mtu mwingine angekuja kufunua chungu alichokiinjika yeye. Hakuwa mwongo kwa tabia. Ndiyo maana uongo wake ulikuja umevaa nguo za kazi.

“Tutaandika wiki nne za kwanza,” alisema. “Wiki nne ni jaribio kamili.”

“Ni kamili kama umelisimamisha pale. Sisi hatukulisimamisha.”

“Hizi nyingine tutazichunguza kwanza. Tukijua sababu tutazitoa. Sitaki kumtisha mtu kwa jambo ambalo hata mimi sijalielewa.”

Mizani hakubishana. Alisema kwamba yeye kwenye daftari la maabara ataandika alichokiona, na makala ya kutoka nje ni ya mwenye jina lake juu. Akaandika, akatia tarehe. Profesa alilichukua daftari lile akalifungia kwenye saraka yake, ufunguo akautia mkobani. Mizani aliuona ufunguo ukiingia, akanyamaza, naye kwa kunyamaza kule akawa ameshika upande mmoja wa mzigo.

Makala ikatoka. Jopo likapitisha. Magazeti yakaandika, na redio ikamwalika. Mtangazaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya asali. Alimwuliza habari za utoto, za mama yake, za miaka ya kuitwa Mpishi wa Mizizi, kisha karibu na mwisho akauliza lile ambalo kila msikilizaji alilingoja: je, mizizi hii ina madhara? Profesa alinyamaza kiasi cha kuvuta pumzi mara moja. Katika maisha yake yote yaliyosalia, alirudi mara nyingi kwenye pumzi ile.

“Kwa muda tuliowachunguza wanyama wetu hatukuona madhara yoyote,” alisema. “Lakini utafiti unaendelea. Watu wasubiri.”

Watu hawakusikia neno wasubiri. Walisikia hatukuona madhara yoyote. Kabla mwezi haujaisha, vichaka vya kando ya reli vilikuwa vimeng’olewa vyote, ardhi imebaki mashimo mashimo kama mdomo uliong’olewa meno. Vituoni na sokoni waliibuka wauzaji wa vifurushi vya mizizi iliyokatwakatwa, na juu ya kila kifurushi ilibandikwa picha ya Profesa iliyotolewa gazetini. Alipoiona mara ya kwanza alifikiri arudi redioni awakataze. Lakini angewakataza kwa sababu gani? Kuitaja sababu kulikuwa kuyataja maini. Akapiga moyo konde, akajiambia kwamba wanaokunywa ni wachache na watachoka upesi, maana mizizi ile ilikuwa michungu kama shubiri.

Miongoni mwa waliokuwa wakimsikiliza siku ile alikuwemo Dada Mkubwa. Alikuwa kwenye cherehani yake, sebuleni, anapinda mikono ya sare za shule. Alisimamisha mguu ili asikie vizuri. Ilikuwa miezi mitatu tangu aguse, wakati wa kuoga, kitu kigumu kwenye titi la kushoto, ukubwa wa kifungo cha koti. Hakumwambia mtu. Hospitali kwake ilikuwa na sura moja tu, sura ya mama yake akiingia kwa miguu na kutoka amebebwa. Tena angemwambiaje mdogo wake? Kwanini alikuwa anapanda ngazi aliyoijenga kwa miaka ishirini na mmoja. Kumwita chini aje kushika mkono wa mgonjwa, ilhali juu wanamngoja, Dada Mkubwa aliona ni kama kumchana mtu nguo siku ya harusi yake. Akakificha kile kifungo, akashona gauni pana, akangoja. Na sasa, sauti aliyoilea mwenyewe ilikuwa inamwambia kupitia redio kwamba dawa ipo na haina madhara. Daktari yeyote angeweza kumdanganya. Kwanini asingeweza.

Alinunua kifurushi cha kwanza kesho yake. Binti yake, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akitoka alfajiri na kurudi alasiri. Kati ya saa hizo Dada Mkubwa alichemsha mizizi, akanywa vikombe viwili, akaosha sufuria. Binti alipoikuta sufuria siku moja ingali moto, aliambiwa ni dawa ya viungo, maana mguu wa cherehani huzeeka kabla ya mwenyewe. Binti akacheka, yakaisha.

Kila Jumamosi Dada Mkubwa alifanya jambo jingine. Alifunga mlango, akachukua futi yake ya kushonea, akaupima uvimbe. Kipimo alikiandika, kwa sentimita, kwenye kurasa za nyuma za daftari la wateja, nyuma ya vifua na viuno na urefu wa mikono ya watu. Aliona kwamba siku uvimbe utakapokwisha, atampelekea mdogo wake karatasi zile. Atakuwa mgonjwa wa kwanza kumthibitishia, tena mgonjwa wa damu yake.

Profesa alizoea kula chakula cha mchana pale kila Jumapili. Mwaka ule, kwa mikutano na mialiko, alikuja mara moja kwa mwezi, wakati mwingine asije. Alipokuja alimkuta dada yake ameketi ameupa mgongo mwanga wa dirisha.

“Umekonda, dada,” alimwambia mara moja.

“Sijakonda, gauni ndilo limekua. Fundi akijishonea mwenyewe hushona ovyo.”

Wakacheka, wao na binti. Mle ndani mlikuwa na harufu ya mizizi iliyochemshwa. Profesa aliisikia, tena vizuri, kwa kuwa hakuna pua iliyoijua harufu ile kuliko yake. Alifikiri ameibeba mwenyewe kwenye nguo zake kutoka maabara. Akanusa ukosi wa blauzi, akaomba radhi kwa kunuka kazi hata siku ya mapumziko. Dada Mkubwa alimwambia asijali, harufu ya kazi haijapata kumwaibisha mtu.

Miezi mitano baada ya ile redio, Jumatano asubuhi, Profesa alikuwa darasani simu ilipotetemeka juu ya meza. Aliiacha. Ikatetemeka tena. Alipoipokea, alimsikia binti wa dada yake akisema kwa sauti iliyokauka, “Mama Mdogo, mama ameanguka. Tuko hospitali. Macho yake ni ya manjano kama kiini cha yai.”

Profesa aliweka chaki chini. Wanafunzi walisema baadaye kwamba hakuaga.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke wa makamo, mnyofu wa maneno. Aliwaita yeye na binti kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vitatu. Alisema wamekuta uvimbe kwenye titi. Halafu akasema jambo ambalo Profesa angetoa mkono wake ili asilisikie.

“Uvimbe sio unaomwondoa. Ni mdogo, na kwa vipimo tulivyonavyo haujatambaa popote. Angekuja tungeukata, angetumia dawa, na nadhani angeendelea na kazi zake. Kilichokwisha ni ini. Alikuwa akinywa nini?”

Binti alifungua mkoba. Alikuwa ameufungua mlango wa chini wa kabati la nguo kabla ya kuja, kwa sababu mama yake, katika kuweweseka, alikuwa akiuliza kama umefungwa. Alitoa kifurushi kilichobaki nusu, akakiweka mezani. Daktari aliitazama picha iliyobandikwa juu yake, akainua macho akamtazama aliyeketi mbele yake, akarudi tena kwenye picha.

“Huyu ni mgonjwa wa sita,” alisema taratibu. “Tulipompata wa tatu tuliandika barua kitivoni kwenu kuuliza. Tulijibiwa kwa nakala ya makala yako. Imeandikwa kwamba hakuna madhara.”

Profesa aliikumbuka barua ile. Ilipita mezani kwake kati ya barua nyingi za pongezi, akaiandikia juu kwa kalamu nyekundu: wapelekewe makala.

Dada Mkubwa aliishi siku nne zaidi. Siku ya pili fahamu zilimrudia, akawa mtulivu, akili safi kama maji ya mtungi. Alimwomba binti yake akamletee daftari la wateja kutoka nyumbani, na alipobaki na mdogo wake, alimwuliza mbona ana sura ya aliyefiwa na wakati yeye bado yupo. Binti alipolileta daftari na kutoka tena, Dada Mkubwa alilifungua mwenyewe kwa vidole vilivyovimba, akamwonyesha kurasa za nyuma. Zilikuwa tarehe na namba. Nne. Nne. Tatu na nusu. Nne. Nne. Tatu na nusu. Nne kasoro. Nne.

“Nilikusudia nikupe uvimbe ukiisha kabisa,” alisema. “Umeona ilipofika tatu na nusu? Mara mbili. Zitakusaidia?”

Profesa alizisoma namba zile kama alivyosoma namba maisha yake yote, na zikamwambia ukweli bila huruma. Uvimbe haukupungua hata kidogo. Kilichopanda na kushuka kilikuwa mkono wa mtu anayetumaini. Ilikuwa rahisi kusema zitanisaidia sana, dada, na huyu mtu afe akitabasamu. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikwisha kuona lile neno jepesi la redioni limezaa nini.

“Dada, nilijua,” alisema. “Panya wetu waliharibika maini. Saba kati ya kumi. Nilijua kabla ya kwenda redioni, nikaficha.”

Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akimenya chungwa, na kwa muda ile ndiyo sauti pekee iliyosikika. Profesa alipiga magoti sakafuni akaomba msamaha, maneno yake yakigongana. Dada yake alilifunga daftari, akageuza uso upande wa ukuta.

“Kwa nini hukuniambia unaumwa?” Profesa alilia. “Mimi wa kuambiwa mambo hayo ukinificha, nani angeambiwa?”

“Niliogopa,” Dada Mkubwa aliuambia ukuta. “Wewe uliogopa nini?”

Profesa aliinamisha uso juu ya shuka. Dada Mkubwa akaongea tena, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimtuma nayo zamani dukani.

“Mwanangu umwambie wewe mwenyewe. Asije kuambiwa na mtu mwingine.”

Hakutaja tena jambo lile. Alipofumba macho siku ya nne, mkono wake ulikuwa mkononi mwa binti yake. Profesa alikuwa amesimama upande wa miguu.

Alimwambia binti jioni ile ile, kwenye ngazi za nyuma za wodi, kabla hata maiti haijahamishwa. Alimwambia yote, maini, saraka, ufunguo, redio na barua. Binti alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kama anavyomsikiliza mtoto anayeungama darasani. Aliuliza swali moja tu: alijua tangu lini. Alipojibiwa, alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akapanda ngazi kurudi kwa mama yake. Mazishini Profesa aliketi nyuma kabisa, kati ya majirani wa mbali na wateja waliokuja na nguo zao nusu zimeshonwa. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwita mbele.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Profesa alilitoa lile daftari lililofungiwa, akamwita Mizani, wakaenda pamoja kwa mkuu wa kitivo. Mizani alisema kwamba yeye pia aliona akanyamaza, na kwamba hapahitajiki shahidi mwingine. Kamati ikaundwa. Makala ikafutwa. Profesa alirudi kwenye redio ile ile, kwa mtangazaji yule yule, akazisoma dalili moja moja kwa sauti kavu: kukosa hamu ya kula, kuwashwa ngozi, mkojo mweusi, macho ya manjano, anayeziona aache mizizi na aende hospitali leo. Mtangazaji alimwuliza amejuaje. Akasema, “Dada yangu alikunywa.” Hospitali zilipohesabu, waliopatikana wameathirika walikuwa kumi na wanne. Watano walikuwa wamekwisha kufa. Wauzaji waliondoa picha yake kwenye vifurushi, wakaendelea kuuza mwezi mmoja zaidi bila picha.

Aliachishwa kazi kabla ya kustaafu. Waliokuwa wakimpigia makofi wakawa wanampisha njia ukumbini kama anayebeba kitu kinachomwagika. Kumi na Saba kikafungiwa kwenye jokofu. Wapo waliosema kwamba kingeweza kurekebishwa kisiharibu ini, kwamba hata dawa zilizo kubwa leo zilianza kwa kuua panya, na kama angeyatoa yale maini mapema, pengine miaka minne ingetosha. Walisema hivyo hata mbele yake. Alitikisa kichwa kukubali, kwani lile nalo alikuwa amelijua.

Siku hizi huonekana kila Alhamisi hospitali, kwenye benchi refu la kliniki ya matiti. Hakuajiriwa na hakuna aliyemwita. Huketi na wanawake wanaongoja, huwaeleza kwamba uvimbe ulio kama kifungo cha koti hukatwa kirahisi ukiletwa ungali kifungo, na huwauliza taratibu kama kuna kitu wanakunywa nyumbani. Wengine humsikiliza. Wengine humkumbuka sura, wakasogea mbali.

Alhamisi moja akaja binti wa dada yake kupimwa, kama wanavyoshauriwa wenye ugonjwa huu katika ukoo. Hawakuwa wameonana kwa mwaka na nusu. Nafasi tupu kwenye benchi ilikuwa moja. Binti aliitazama, akaketi. Malezi yalimkataza kumpita mkubwa bila salamu, hivyo alisema, “Shikamoo.” Maisha yake yote alikuwa akiongeza Mama Mdogo. Safari hii aliishia hapo.

“Marahaba,” Profesa alijibu.

Walikaa bega kwa bega bila neno jingine, hadi muuguzi alipoita na binti akanyanyuka kuingia. Profesa alibaki akiutazama mlango uliofungwa, akingoja majibu ambayo hakuwa na haki ya kuyauliza. Dada alificha uvimbe kwa kuogopa kisu, mdogo akaficha maini kwa kuogopa kurudi nyuma, na kila mmoja aliamini anamkinga mtu mwingine. Kaburi likawafunua wote wawili. Wahenga hawakukosea waliposema: mficha maradhi, kifo humuumbua.